Kata Majani, Hesabu Siku 14, Ndipo Uchimbe Viazi

Kosa ni lilelile kila msimu. Maua yakishapukutika, mwenye bustani anafukua shina moja, anakuta viazi vya ukubwa wa ngumi, na kesho yake tuta zima limechimbwa na kiroba kimefungwa. Wiki ya tatu kiroba kinatoa maji na kunuka, naye analaumu mbegu, au dawa, au stoo. Stoo haina kosa. Baridi ya Njombe, Makete na milima ya Uporoto inatosha kutunza viazi mviringo vya kula miezi miwili bila mtambo wowote, mradi viingie ndani vikiwa na ganda lililokaza.

Kiazi kuwa kikubwa ni jambo moja, ganda kukomaa ni jingine. Mmea ukiwa bado kijani, kiazi kinaendelea kutanuka, na tabaka lililo chini ya ganda linaendelea kutengeneza chembe mpya, laini. Ndiyo maana ukisugua ganda linateleza na kutoka. Kiazi kilichochubuka kinapoteza maji upesi na kusinyaa, na pale palipochubuka ndipo bakteria wa kuozesha wanapoingilia. Kimoja kikianza kuoza, maji yake yanalowesha vya jirani.

Aina nyingi zinazolimwa nyanda za juu hukaa shambani siku 90 hadi 120. Maua usiyafanye kalenda, kwa sababu kuna aina zinazotoa machache sana. Angalia majani: ya chini yakishakuwa ya njano na karibu nusu ya majani yote yamebadilika rangi, kata. Ukikata yangali kijani yote unajipunja, maana viazi vinaacha kukua.

Tumia mundu au panga kali, acha kisiki cha sentimita 5. Usivute shina kwa mkono! Ukivuta, viazi vinanyanyuka pamoja nalo, tuta linapasuka, na nondo wa viazi anapata pa kutagia mayai. Ukishakata, rudi kwenye matuta uzibe kila ufa, kila kiazi kifunikwe na udongo wa angalau sentimita 5. Siku hiyohiyo acha kumwagilia. Wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, ndio wanaokosea zaidi hapa: majani yamekatwa, lakini mfereji unaendelea kuingiza maji kwa sababu tuta la pili lina mboga. Ziba mfereji upande wa viazi. Ganda halikazi kwenye tope.

Kisha hesabu siku 14. Siyo 5, na siyo "kama wiki hivi". Andika tarehe ukutani kwa mkaa kama huna kalenda. Vichipukizi vikitokea kwenye visiki, vikate mara moja, maana mmea unaanza kuishi upya. Usipitishe siku 21 pia, kwa sababu mvua ikikuta viazi vimelala tu ardhini vitaozea hukohuko, na wadudu wa udongo hawasubiri. Mkulima wa shamba kubwa huharakisha kwa kuwa gari la mnunuzi limefika na bei ni nzuri. Wewe mwenye matuta manne nyuma ya jiko, nani anakukimbiza?

Kama bustani ilipigwa na ugonjwa wa bakajani, siku hizo 14 hazina mjadala hata ganda likionekana zuri. Vimelea vilivyo kwenye majani na juu ya udongo vinahitaji muda vife, na ukichimba mapema unavipakaza kwenye viazi kwa mikono yako. Majani hayo yaondoe kabisa, uyafukie mbali na bustani au uyachome.

Siku ya 14 fukua mashina matatu, sehemu tofauti za bustani, usugue kiazi kwa nguvu kwa dole gumba. Ganda likishikilia, vuna. Likitoka hata kwenye kimoja, ongeza siku 4 upime tena.

Unataka viazi vichanga vya kula leo na kesho? Papasa pembeni mwa tuta, toa viwili vitatu, rudisha udongo. Hilo halikatazwi. Kinachokatazwa ni kuviweka.

Chimba siku kavu, udongo usigande kwenye jembe. Jembe uma ni bora. Lichomeke sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye shina na uinulie tuta kutoka chini. Viazi viweke kwenye ndoo, usivirushe, kwa sababu kiazi kikidondoka kinaumia ndani bila alama nje, na utagundua siku ya kumenya. Vikauke juu ya tuta saa moja tu, kisha vihamie kivulini. Usivioshe. Vilivyokatwa na vilivyochubuka vitenge, vipikwe wiki hiyohiyo. Vilivyobaki vitandaze penye giza na hewa kwa siku 10 hadi 14 ili michubuko midogo ipone.

Baada ya hapo, kichanja kilichotandikwa nyasi kavu kinatosha, lundo lisizidi nusu mita kwenda juu. Majani makavu ya mikaratusi juu yake husaidia kumfukuza nondo. Kiroba cha plastiki hapana, kwa sababu viazi vinapumua na jasho lao halina pa kutokea; kama huna kichanja, tumia gunia la katani lenye mdomo wazi. Giza ni lazima: viazi vya kula vikipata mwanga vinageuka kijani na kujaza sumu ambayo kupika hakuiondoi. Viazi vya mbegu ndivyo vinavyotaka mwanga hafifu, kwa hiyo usiviweke pamoja, na usije ukapika mbegu iliyobaki.

Viazi vilivyokaza ganda vinagongana kwa sauti kavu na havinuki.

Kila wiki pitisha pua kwanza kabla ya macho. Ukisikia harufu, pekua mpaka ukipate kilichooza, kitoe nje. Vilivyogusana nacho vifute kwa kitambaa kikavu, na vizima kati yake viingie chunguni jioni hiyohiyo.