Kupanga safari ya kayaki ya siku kadhaa kwenye maji yaliyokingwa

Ndani ya ghuba, kwenye hori na nyuma ya visiwa, mawimbi ya bahari kuu hayafiki. Upepo na mkondo, hata hivyo, hufika, na hivyo ndivyo vya kupangia.

Hatua ya 1: Soma maji kabla ya kuhesabu kilomita

Tazama mwezi kwanza. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana, na mikondo hukaza. Ukiwa na hiari, safiri wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo.

Kisha andika saa za kujaa na kupwa kwa kila siku ya safari. Sehemu nyingi saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, basi ratiba ya Jumatatu haitafaa Alhamisi. Kumbuka pia kwamba maji hayaendi kwa kasi moja: katika saa sita za kujaa au kupwa, saa ya tatu na ya nne pekee hubeba karibu nusu ya maji yote. Mlango mwembamba baina ya visiwa upite mkondo ukiwa umelala, na uulize wenyeji unalala saa ngapi, kwa sababu mara nyingine haulali saa ileile maji yanapojaa. Upepo ukipingana na mkondo, mawimbi huinuka mafupi na makali hata ndani ya ghuba.

Hatua ya 2: Gawa siku

Kayaki iliyosheheni huenda kama kilomita 5 kwa saa. Saa nne za kasia ni kilomita 20. Mimi hupanga 15, na huacha siku moja ya akiba katika kila nne. Wanaojisifia kilomita 40 kwa siku waache waende zao.

Hatua ya 3: Weka alama za kutokea

Kwenye ramani, onyesha kila ufuo unaoweza kushukia, ukijiuliza utakuwaje maji yakipwa. Ufuo mzuri asubuhi unaweza kugeuka nusu kilomita ya tope jioni. Hema lipige juu kabisa ya mstari wa mwani uliotupwa na bahari. Ikiwa bamvua inakaribia, panda zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: Pakia

Vizito chini, karibu na kiti. Vyepesi omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Maji ya kunywa na kupikia, lita 4 kwa mtu kwa siku.

Hatua ya 5: Amua kikomo ukiwa nchi kavu

Andika kasi ya upepo ambayo ikizidi hamtoki, na kila mmoja akubali. Upepo unaovuma kutoka nchi kavu ndio wa hila: ufukweni maji yametulia, lakini kadiri unavyotoka ndivyo unavyosukumwa mbali. Mwachie mtu njia yenu, saa ya kufika, na saa ya kuwaita waokoaji akiwa hajapata habari zenu. Jaketi okozi huvaliwa muda wote, na redio ya VHF, ya mawasiliano ya baharini, ambayo chaneli yake ya dharura ni 16, ikae mwilini. Kayaki ikipinduka na kupeperushwa, huenda nayo kila kilichofungwa juu yake.