Mashine ya Bonanza Haina Tumbo: Somo la Uwezekano kwa Sarafu na Korosho

Wanachama wenzangu, tangu malipo ya mnada wa kwanza wa korosho yaanze kuingia, nimeulizwa swali moja mara nyingi kuliko yale ya simu ninazoletewa kutengeneza: je, mashine ya bonanza, ile ya kamari inayochezwa kwa sarafu, ikishakula sarafu za watu tangu asubuhi si lazima itapike, yaani ilipe, jioni? Maneno yenyewe tunayoyatumia hapa Mtwara, kwamba mashine imekula, imeshiba, inakaribia kutapika, yanaifanya ionekane kuwa na tumbo. Haina tumbo, na njia bora ya kuliona hilo ni kulipima kwa mikono yako mwenyewe. Tafuta sarafu moja ya shilingi 200, bakuli, korosho ghafi 20 zinazolingana ukubwa, chaki na daftari.

Hatua ya 1: Rusha sarafu mara 100

Kabla ya kurusha, mwombe mtu mwingine wa nyumbani aandike kwa kubuni tu matokeo ya mirusho 100, akitumia K kwa upande wa Mzee Karume na S kwa upande wa simba. Kisha wewe rusha kwelikweli, na uandike kila tokeo bila kuruka hata moja. Linganisha kurasa mbili. Aliyebuni atakuwa amechanganya K na S kwa uangalifu, akiogopa kuandika S nne au tano zikifuatana, ilhali ukurasa wa sarafu ya kweli mara nyingi sana utakuwa na mfululizo wa tano, na si ajabu ukakuta wa sita au saba. Mimi nilipofanya zoezi hili mezani kwangu nilipata simba saba mfululizo, nikajikuta nauma meno nikimngoja Karume kana kwamba ananidai.

Hapo ndipo kosa linapozaliwa. Baada ya simba saba, uwezekano wa Karume bado ni nusu, kwa sababu sarafu haina daftari la kukumbuka ilivyoanguka mwanzo. Katika jumba la kamari la Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, mpira wa gurudumu la ruleti, mchezo wa kubahatisha mahali mpira utakapotua, uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakapoteza fedha nyingi kwa kuwekeza kwenye nyekundu wakiamini kwamba zamu yake imefika. Gurudumu halikuwa na zamu.

Hatua ya 2: Elewa kinachotokea unapobonyeza

Niliwahi kuletewa bodi ya mashine ya matunda iliyoungua baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu. Pembeni mwa bodi kulikuwa na kijumba chekundu chenye swichi nane nyeupe, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele, za kusogezwa kwa ncha ya bisibisi. Mwenye bodi alinisihi nisiziguse, kwa kuwa baadhi yake ndizo zinazopanga mashine irudishe sehemu gani ya fedha inayoingia. Nilijifunza mengi kutokana na ombi hilo kuliko kutokana na bodi yenyewe: kiwango cha marejesho kilikuwa kimepangwa kabla mchezaji wa kwanza hajatoka nyumbani kwake.

Ndani ya mashine ya kisasa ya nasibu, yaani ya bahati isiyotabirika, kuna programu inayozalisha namba bila kukoma, hata wakati ambapo hakuna anayecheza. Unapobonyeza kitufe cha kuanza, mashine huichukua namba iliyopo kwenye nukta hiyo ya muda, huigeuza kuwa tokeo, ndipo taa inapoanza kukimbia kuzunguka picha za tufaa, chungwa, kengele na tikiti maji. Kwa hiyo taa inapopunguza mwendo na wewe unapiga kioo ukiisihi isogee, jibu limekwisha kupatikana zamani. Taa inalisoma tu. Ni kweli kwamba namba hizo hutokana na hesabu na si na muujiza, lakini mtu asiyejua hali ya ndani ya programu kwa nukta hiyo hawezi kuitabiri namba inayofuata kwa kutazama zilizopita.

Hatua ya 3: Usihesabu picha

Mashine za zamani za magurudumu, kama ile ya Charles Fey wa San Francisco mwishoni mwa karne ya 19, zilikuwa na ukweli wa macho. Tuseme kila gurudumu kati ya matatu lina nafasi 10 na kengele moja: uwezekano wa kengele tatu ni moja kati ya 10 × 10 × 10, yaani moja kati ya 1,000, na mtu mwenye subira angeweza kuuhesabu akiwa amesimama. Mwaka 1984 mvumbuzi Inge Telnaes alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, nchini Marekani ya mbinu iliyouvunja uhusiano huo. Gurudumu unaloliona linaweza kuwa na nafasi 22, lakini kompyuta inachagua kutoka orodha iliyofichika yenye nafasi, kwa mfano, 64, ambamo picha ya zawadi kubwa imeandikwa mara moja tu na nafasi tupu zimeandikwa mara nyingi. Kwa macho ungedhani uwezekano ni moja kati ya 22 × 22 × 22, yaani 10,648. Kwa kweli ni moja kati ya 64 × 64 × 64, yaani 262,144.

Taa inayozunguka matunda ni vivyo hivyo. Picha mbili zinazolingana ukubwa kwenye kioo hazilazimiki kulingana uwezekano.

Hatua ya 4: Tengeneza mashine yako kwa korosho

Chora duara la chaki kwenye korosho moja, na mstari mmoja kwenye korosho nne. Zilizobaki 15 ziache zilivyo. Nimependekeza chaki kwa sababu mkaa hauonekani vizuri kwenye ganda la kijivu, na nimesisitiza zilingane ukubwa kwa sababu vidole ni vijanja kuliko tunavyodhani. Kila mchezo unalipiwa shilingi 200. Funga macho, chota moja, tazama, kisha irudishe na utikise bakuli. Yenye duara inalipa shilingi 2,000, yenye mstari inalipa 400, tupu hailipi kitu.

Sasa piga hesabu. Katika michezo 20 umelipa shilingi 4,000. Kwa wastani duara litatoka mara moja, shilingi 2,000, na mistari mara nne, shilingi 1,600, jumla 3,600. Bakuli linarudisha asilimia 90, na kila mchoto, uwe wa furaha au wa huzuni, unakugharimu wastani wa shilingi 20. Tafadhali lishike neno wastani. Uwezekano wa kuchota mara 20 bila kuliona duara hata mara moja ni 0.95 ikizidishwa kwa yenyewe mara 20, yaani takriban asilimia 36. Watu zaidi ya theluthi moja watamaliza michezo 20 wakiapa kwamba mwenye bakuli ameitoa korosho yenye duara, nayo imo humo humo.

Bakuli hili halina wizi wowote, na linashinda. Anayeinunua mashine haihitaji ikuibie, anahitaji usiondoke.

Hatua ya 5: Hesabu mwendo

Mchezo wa sekunde sita unachezwa mara 600 kwa saa. Kwa bei ya bakuli letu, hiyo ni shilingi 12,000 za hasara ya wastani kwa saa moja, kama unazo za kutosha. Ukiingia na shilingi 5,000 tu, huenda zikaisha kabla ya saa kwisha, ingawa ushindi mdogo mdogo unakurudishia sarafu za kuendelea. Wengi huuliza mbona asilimia 90 haikuwarudishia 4,500. Ingekurudishia hivyo kwa wastani kama ungezipitisha fedha zako mara moja na kuondoka. Ukizizungusha tena zote inabaki 4,050, kisha 3,645, na baada ya mizunguko kumi wastani wa kilichobaki ni kama shilingi 1,743.

Maswali ya wanachama

Fundi, juzi nimecheza hadi nimekwisha. Nimeinuka tu, kijana aliyekalia stuli yangu akaweka sarafu moja, ikamwaga. Hiyo haikuwa yangu?

Haikuwa yako, kaka. Namba zinabadilika kwa kasi kubwa mno, na kama ungebaki ungebonyeza kwa nukta tofauti na yake, ukapata tokeo jingine. Kumbuka pia kwamba wale waliokalia stuli yako siku nyingine wakatoka mikono mitupu hukuwatazama.

Nimesikia kuna mashine ambazo kweli zinakumbuka. Je, si kweli?

Ni kweli, na ni haki nilieleze hili. Nchini Uingereza mashine za aina fulani za kwenye baa zinaruhusiwa kurekebisha malipo kwa kufuata kilichokwisha kuingia na kutoka, na sharti lililopo ni kwamba mchezaji aarifiwe kuwa mashine hiyo si ya nasibu tupu. Lakini hata mashine ya namna hiyo inajirekebisha kuelekea kiwango cha mwenyewe, ambacho ni chini ya kinachoingia. Kuijua kumbukumbu yake kungekusaidia iwapo ungejua pia hesabu yake yote tangu ilipowashwa, na huijui.

Mimi naweka kwenye matunda matano kwa pamoja, na karibu kila mara napata kitu. Hiyo si mbinu, Fundi?

Dada, chukua daftari. Sarafu moja kwenye kila tunda kati ya matano ni shilingi 1,000. Likitoka tunda linalolipa 400, taa zitawaka, muziki utapigwa, na jirani atakupigia makofi kwa kupoteza shilingi 600. Andika kilichotoka mfukoni kwanza, ndipo uandike kilichorudi.

Je, nikiongeza mara mbili kila ninapopoteza, siwezi kurudisha zote kwa ushindi mmoja?

Mjomba, mbinu hii ni kongwe na inapendeza karatasini. Chukua mchezo wa nusu kwa nusu, ulio bora kuliko mashine yoyote utakayoikuta. Unaanza na 200, kisha 400, 800, 1,600, 3,200, 6,400 na 12,800. Ukikosa mara saba umetoa 25,400, na mchezo wa nane unadai 25,600. Kukosa mara saba hutokea mara moja kati ya 128. Katika mara 127 zilizobaki unapata faida ya shilingi 200 kila moja: zidisha 127 kwa 200, utapata 25,400 kamili. Kwa hiyo kwenye mchezo wa haki unarudi sifuri, na kwenye mashine unarudi chini ya sifuri. Kilichobadilika ni kwamba hasara nyingi ndogo umezikusanya zikawa moja inayomeza fedha za magunia.

Mwanangu ana miaka 15 na ninamkuta hapo akitoka shule. Nifanye nini?

Mama, hapa hatuhitaji uwezekano. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza, na msimamizi wake ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Zungumza na mwenye duka mbele ya mjumbe wa mtaa, na asipoelewa peleka malalamiko kwa Bodi. Mwanao mpe lile bakuli. Watoto wa umri huo hushika hesabu ya korosho haraka kuliko sisi.

Mimi sitaki utajiri, napenda tu kukaa pale na wenzangu nikisubiri abiria wa bodaboda. Nicheze vipi?

Kwa mwendo wa polepole. Kitu kinachokugharimu ni idadi ya michezo, wala si muda wa kukaa. Ukiweka sarafu moja kila dakika badala ya kila sekunde sita, kwenye mashine yenye hesabu ya bakuli letu, saa nzima itakutoka wastani wa shilingi 1,200.