Kunasa RNA ndogo kwenye jani la mhogo wenye batobato

Juzi mwanafunzi aliyekuwa akisaka RNA ndogo, silaha za mmea dhidi ya kirusi, aliniletea picha ya jeli tupu. "Kaka, mhogo wangu haukujikinga." Ulijikinga vizuri tu. Silaha za mhogo, mwanafunzi alizimwaga mwenyewe kwenye sinki.

Kirusi cha batobato kinapozaliana ndani ya jani hutokea RNA (nakala ya maagizo ya jeni) ya nyuzi mbili. Kimeng'enya cha Dicer huikata vipande vya nyukleotidi (herufi za RNA) 21 hadi 24. Protini ya Argonaute hubeba kipande kimoja kama picha ya mhalifu, na RNA ya kirusi ikifanana nayo inakatwa. Vipande hivyo ndivyo tunavyovisaka.

1. Chuma jani changa lenye madoa, na jingine la mmea usiougua. Saga kwa nitrojeni ya majimaji.

2. Tia bafa ya CTAB 2% (aina ya sabuni) yenye PVP (polima inayonasa fenoli za jani), nyuzi 65 za Selsiasi. Jani la mhogo lina utelezi kama mlenda, na bila PVP utabaki na maji ya kahawia. Vichujio vya silika vilivyo tayari mimi sivitaki kwa kazi hii: vingi huacha vipande vifupi vipite.

3. Safisha kwa klorofomu mara mbili, ndani ya kabati la kufyonza hewa.

4. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku mbili. Ukitia kloridi ya lithiamu na kulaza kwenye barafu, RNA kubwa huzama. Ndogo HAZIZAMI, zinabaki kwenye maji ya juu, yale ambayo mwongozo wa kawaida unakuambia uyamwage. Yahamishie tyubu nyingine, andika "USIMWAGE" kwa kalamu isiyofutika (etanoli hufuta wino wa kawaida, na hayo nimeyaona). Ongeza etanoli safi mara tatu ya ujazo, laza usiku kucha kwenye nyuzi -20, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa nusu saa kwenye ubaridi. Weka alama upande wa nje wa tyubu kabla ya kuzungusha, maana mashapo huenda usiyaone kabisa. Ukiona donge jeupe zito kama uji, usishangilie, hizo ni sukari na chumvi. Osha kwa etanoli 80%, rudia. Usikaushe mpaka yapauke, hayatayeyuka.

5. Jeli ya poliakrilamidi 15% yenye urea. Jeli ya kawaida ya agarosi iache. Halafu Northern (kuhamishia RNA kwenye utando na kuisaka hapo), kwa probu ya jeni ya kirusi, yaani kipande chenye alama kinachojibandika kwenye RNA inayolingana nacho.

Mwanafunzi alirudia kuanzia hatua ya 1, safari hii bila kumwaga maji ya juu ya hatua ya 4. Mstari ukatoka upande wa jani lenye madoa, upande wa pili peupe.