Kuchapa desimali kutoka PLC: chunga sifuri baada ya nukta

Ukitaka PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo) itume uzito au joto kwenye printa kwa waya wa serial, usihangaike na desimali yenyewe. Zidisha thamani kwa 100, ikadirie iwe namba kamili, kisha igawanye kwa 100: jibu linakaa kushoto kwa nukta, baki linakaa kulia.

Kwenye baki ndipo wengi tunapoteleza. Chukua 1205. Jibu 12, baki 5. Ukituma hivyo hivyo, karatasi itasoma 12.5 badala ya 12.05, na hilo si kosa dogo kwenye lebo ya mzigo! Gawanya baki kwa 10 upate tarakimu mbili, 0 na 5, kisha ongeza 48 kwa kila moja ili upate kodi zake za ASCII (namba zinazowakilisha herufi na alama): 48 na 53. Nukta ni 46.

Alama ya hasi ishughulikie mwanzo kabisa. Kwa -0.05, kushoto kuna 0 tu, na sifuri haibebi hasi. Namba ikiwa chini ya sifuri, tuma 45 (kodi ya alama ya hasi) kwanza, halafu endelea na thamani yake chanya. Funga mstari kwa 13 na 10, yaani kodi za kurudi mwanzo wa mstari na kushuka mstari mpya.