Namna ya Kununua kwa Uangalifu na Kuutunza Mji: Mwongozo kwa Nyumba za Lamu

Karibu kila kitu kinachouzwa katika maduka ya mji wa Lamu, kuanzia unga wa ngano hadi saruji, hufika kwa chombo kutoka bara, na kikishafika mara nyingi hakiondoki tena. Chupa tupu, betri iliyokufa, godoro lililochakaa na ndara iliyokatika hubaki hapa pamoja na sisi, vichochoroni, mitaroni, au ufukweni maji yapwapo. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Lamu atoapo shilingi zake dukani huwa ameamua mambo mawili kwa pamoja: fedha za watoto wake zitakwenda kwa nani, na mji wake utabebeshwa mzigo gani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyaamua yote mawili kwa makusudi, kwa sababu naamini kwamba kubana matumizi na kutimiza wajibu wa uraia ni kazi moja, wala mtu hawezi kuifanya nusu yake akasema amemaliza.

Anza na daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hilo ni kweli kwa nyumba kama lilivyo kweli kwa duka. Kwa mwezi mmoja mzima andika kila unachotoa: tarehe, kitu, bei, na uliyemlipa. Usijaribu kupunguza chochote katika mwezi huo. Andika tu, kwa sababu ukianza kujizuia mapema hutaijua hali yako halisi. Mwezi ukiisha, utazame matumizi madogo kabla ya makubwa. Chukua mfano wa ada za fedha za simu: kwa viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2023, kutoa shilingi 500 kwa wakala wa M-Pesa hutozwa shilingi 29, na kutoa shilingi 2,500 kwa mara moja hutozwa shilingi 29 zile zile. Anayetoa 500 mara tano analipa 145 kwa fedha ambazo angezipata kwa 29, na anayelipa moja kwa moja kwenye nambari ya till ya mwenye duka halipi ada yoyote. Tofauti hiyo ni bei ya muhogo wa siku nzima.

Katika daftari hilo hilo weka ukurasa wa madeni. Kukopa kwa mwenye duka wa mtaani si aibu. Ni desturi ya kuaminiana ambayo imezivusha nyumba nyingi msimu wa kusi, bahari inapochafuka na wavuvi wakakosa kutoka. Lakini deni liandikwe pande mbili, kwake na kwako, nanyi mlinganishe kila Ijumaa au kila mwisho wa mwezi, na mapato yakipatikana alipwe yeye kwanza kabla ya kununua kitu kipya kwingine. Duka dogo la Mkomani au Langoni likifilisika kwa madeni ya majirani, ni majirani hao hao watakaokosa pa kukopa. Kwa kitu kikubwa kama jokofu au cherehani, mchezo wa fedha, yaani kuchangishana na kupokea kwa zamu, baina ya jamaa na majirani ni bora kuliko mkopo wa simu wenye riba, mradi zamu zijulikane tangu mwanzo na zisibadilishwe kwa upendeleo.

Sokoni, pale mbele ya Ngome, ndiko kwenye mambo mengi zaidi ya kuangalia, na samaki ndiye anayestahili uangalifu wa kwanza. Nunua kwa kufuata pepo. Katika kaskazi, bahari inapotulia, samaki huwa wengi na bei hushuka. Huo ndio wakati wa kununua zaidi ya mahitaji ya siku, kumpasua samaki, kumtia chumvi na kumwanika awe ng'onda, ili kusi ikifika usilazimike kununua kwa bei ya dhiki. Mtazame samaki macho, yawe maangavu na yasiyozama. Mfunue mashavu, yawe mekundu. Mbonyeze kwa kidole, nyama irudi. Kisha uliza swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi: amevuliwa kwa zana gani? Juya la kukokota, yaani wavu unaoburutwa chini ya bahari, limepigwa marufuku Kenya kwa sababu hukwangua nyasi za bahari na kuzoa vichanga vya samaki ambavyo havijazaa hata mara moja. Ukimwona mchuuzi amepanga tafi na changu wasiofika urefu wa kiganja, usinunue hata kama fungu ni rahisi, na umwambie sababu kwa adabu, kwa maana mchuuzi huleta kile anachojua kitanunuliwa. Kamba mwenye mayai aachwe vivyo hivyo. Nyama na mayai ya kasa hayana mjadala, kwani kasa analindwa na sheria ya wanyamapori, na anayenunua naye ana hatia.

Kwa matunda na mboga, tanguliza yale yaliyotoka Hindi na Mpeketoni, upande wa bara wa kaunti yetu, na mashamba ya visiwani kabla ya yale yaliyosafirishwa siku mbili juu ya lori. Maembe ya ngowe yakiwa katika msimu wake hakuna haja ya kununua maji ya matunda ya boksi yaliyofika kutoka mbali, ambayo boksi lake litabaki mtaroni miaka mingi baada ya kiu kwisha. Simaanishi kwamba kila cha nje ni kibaya. Mchele na sukari hatuna budi kuvipokea. Nasema tu kwamba pale penye hiari, hiari itumike.

Nenda sokoni na kikapu cha miaa, na chombo chenye kifuniko kwa ajili ya samaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4, na bado ipo inayopenyezwa kwa siri. Ukipewa, ikatae. Kikapu kilichosukwa na mama wa Matondoni au Siyu hudumu miaka, fedha yake hubaki katika kaunti, na kikichakaa huoza ardhini bila kumdhuru mnyama. Punda wetu hula plastiki wakitafuta chakula jalalani, nayo huziba matumbo yao mpaka wakafa kwa maumivu. Anayeutupa mfuko kichochoroni ajue hivyo.

Kabla ya kulipa, jihadhari na vipimo. Hakikisha mshale wa mizani uko kwenye sifuri kabla kitu hakijawekwa, tazama kama mizani ina muhuri wa wakaguzi wa vipimo, na usione haya kuomba kitu kipimwe upya, kwa sababu kupunja ni dhambi kwa anayepunja na kunyamaza ni kumsaidia. Katika bidhaa za viwandani tafuta alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Nambari ya kibali iliyo chini yake unaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 20023. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kutosha kuhusu anachonunua, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Haki hizo hazina nguvu bila risiti. Iombe, iandikwe jina la kitu na tarehe, na uihifadhi ndani ya daftari. Kitu kikiwa kibovu, rudi kwanza kwa mwenye duka kwa faragha na upole, wengi hubadilisha. Akikataa, malalamiko yaandikwe na kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo kazi zake ni pamoja na kumlinda mlaji.

Jikoni sitakaa sana, kwa kuwa mama zetu wanajua zaidi ya ninavyoweza kuandika. Nazi moja, ikitumiwa kwa akili, haiachi taka: kasimile, yaani tui zito, huwekwa mwisho, tui jepesi hupikia wali, chicha huwafaa kuku, na makumbi na vifuu huwasha moto. Kiporo kisimwagwe. Dini imetukataza israfu hata katika maji ya udhu, basi sembuse chakula.

Maji yanahitaji neno refu zaidi, maana hapa uwekevu wa nyumba moja hugusa mji mzima moja kwa moja. Maji matamu ya mji hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hunyonya mvua, huichuja na kuihifadhi. Yakivutwa kuliko yanavyorudi, maji ya chumvi husogea chini kwa chini na kuingia visimani, na kisima kikishaingiliwa na chumvi si jambo la mwaka mmoja kukirejesha. Kwa hiyo ziba bomba linalovuja siku hiyo hiyo, oga kwa kata badala ya kuacha maji yakitiririka, na katika masika tega maji ya paa kwenye tangi au jabia kama wafanyavyo ndugu zetu wa Pate na Kiwayu. Kisha timiza upande wa pili wa wajibu huo: usinunue mchanga ambao mwuzaji hawezi kukueleza umechotwa wapi, na ukiona vilima vinachimbwa au kujengewa, toa habari. Mtu anayehesabu ndoo zake nyumbani na huku akajengea mchanga wa Shela amepoteza zaidi ya alichookoa.

Hali ni hiyo hiyo kwa boriti za mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti hii, nayo ndiyo malezi ya samaki na kamba tunaowala. Unaponunua korija, yaani fungu la boriti ishirini, kwa ajili ya kuezeka, omba kuona kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, na ununue idadi unayohitaji tu. Kuhusu umeme, yatosha kujua kwamba tangu marekebisho ya 2023 nyumba ambayo wastani wa matumizi yake hauzidi yuniti 30 kwa mwezi hulipa kwa kiwango cha chini kabisa; taa za LED na pasi ya mara moja kwa juma huweza kukuweka humo, lakini jokofu mara nyingi litakutoa.

Kabla ya kutupa, mpelekee fundi. Mji wetu bado una mafundi wa viatu, redio, simu, cherehani na majiko, na ujira wao ni akiba yako. Kisichotengenezeka kitenganishwe: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na kwa nyumba hilo ni suala la ndoo mbili. Maganda ya matunda na mboga wapewe mbuzi au yafukiwe. Chupa za plastiki zioshwe na kukusanywa kwa ajili ya wanaozinunua au kuzichakata, kwa kuwa zina kazi: jahazi la Flipflopi liliundwa hapa Lamu kwa plastiki na ndara zilizookotwa, likazinduliwa mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Betri na balbu ziwekwe kando kabisa, mbali na watoto na mbali na visima. Ukikodi punda au mkokoteni kubeba mizigo hii au mingine, kumbuka kwamba uzito unaoamriwa na mteja hubebwa na mwingine. Gawa mzigo mara mbili na ulipe mara mbili.

Yote hayo yana mpaka, nao ni kwamba nyumba haiwezi peke yake kujenga jaa, kununua boti la taka au kulinda chanzo cha maji. Hizo ni kazi za kaunti, kwa fedha yetu, na ratiba yake imewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Tia tarehe hizo ukutani. Anayekwenda kulalamika Julai, mwaka wa fedha ukishaanza, amechelewa. Majirani wa mtaa mmoja wakikubaliana jambo moja tu, mathalani ndoo za taka katika gati, wakaliandika na kulisema wote katika kikao cha wadi, husikilizwa kuliko watu thelathini wenye mambo thelathini. Wala tusidhani kushirikishwa ni heshima tupu: mwaka 2019 leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi ilifutwa na baraza la kitaifa la mashauri ya mazingira, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Ukitaka kujua fedha fulani ilitumikaje, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na kulipeleka hakutozwi ada, isipokuwa gharama ya kutoa nakala. Taja jina lako na anwani, kisha sema kwa usahihi unachotaka, kwa mfano: "Kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba nakala ya mkataba wa ukusanyaji wa taka katika wadi yetu kwa mwaka huu wa fedha, pamoja na malipo yaliyokwisha kufanywa." Usieleze hasira zako wala usimtuhumu mtu. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Zikipita kimya, andika kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ukiambatisha nakala ile yenye muhuri.