Namna ya kutumia neno "kifungua mimba" katika matangazo na hotuba za familia

Hapa Goma, anayeandika tangazo la msiba au hotuba ya harusi hukuta maneno kadhaa mbele yake: kifungua mimba, mzaliwa wa kwanza, mkubwa, na "aine" tuliyoitoa katika Kifaransa. Asiyachanganye, kwa maana jamaa wanaosikiliza wanajua vizuri nani alimtangulia nani.

Kifungua mimba ni mtoto aliyelifungua tumbo la mama yake, kwa hiyo neno hili humfuata mama. Baba aliyezaa na wanawake wawili anaweza kuwa na vifungua mimba wawili, lakini mkubwa wa watoto wake ni mmoja tu; katika tangazo la msiba wake, andika "mtoto wake mkubwa". Na mtoto wa kwanza akifariki, anayemfuata huwa mkubwa wa nyumba na kubeba majukumu yote ya ukubwa, ila hawi kifungua mimba. Mama aliyemzika mtoto wake wa kwanza, ambaye majirani bado wanamwita kwa jina la mtoto huyo, huumia sana akisikia mbele ya watu kwamba nafasi ile imepewa mwingine. Naomba jambo hili lichungwe kuliko yote.

Jina pekee lisikuongoze. Kwa Wanande, ambao ni wengi mjini, Paluku au Mumbere ni mtoto wa kiume wa kwanza na Masika ni wa kike wa kwanza. Paluku anaweza kuwa na dada watatu waliomtangulia. Muulize mama au shangazi kabla ya kuandika.

Kisarufi, ingawa neno linaanza na ki-, ni la mtu: sema "kifungua mimba wangu amefika", wala si "changu kimefika". "Mzaliwa wa kwanza" linafaa zaidi kanisani, kwa kuwa ndilo la Biblia, katika habari za Esau na Yakobo.

Usiandike "kifungua mimba na mrithi mkuu" kana kwamba ni kitu kimoja. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, huwapa watoto mafungu sawa. Marehemu asipoacha wosia, mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wenzake ndiye hukabidhiwa kazi ya kusimamia ugawaji, na akikataa, warithi humchagua mwingine.