Kujenga na kuendesha reli ya mfano ya klabu mjini Dodoma

Kabla ya kununua chochote, wanachama wakubaliane kipimo. Katika kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kikiwa kidogo mara 87 kuliko cha kweli, reli yenye upana wa milimita 16.5 inawakilisha SGR, reli mpya ya kisasa, ya milimita 1,435, ilhali Reli ya Kati ya zamani, yenye upana wa mita moja, huhitaji reli ya milimita 12. Mimi ningeanza na hii ya zamani; ni ya njia moja, na kupishanisha treni stesheni ndiko kunakonogesha mchezo.

Jengeni meza fupi zinazofungwa kwa bolti, ili stesheni ya Bahi ikikamilika muongeze Manyoni na tawi la Singida bila kubomoa kitu. Mbao ziwe zimekauka vizuri, maana kiangazi cha Dodoma huzipinda, na kati ya vipande vya reli acheni nafasi ndogo ya kutanukia. Vumbi litawasumbua kuliko umeme. Futeni reli kila mara kabla ya kuendesha.

Siku ya kuendesha, treni isiondoke stesheni mpaka dereva akabidhiwe kijiti, yaani ruhusa ya kuingia kwenye kipande cha njia kilicho mbele hadi stesheni inayofuata, na kijiti cha kila kipande kiwe kimoja tu.